Shajara ya Mradi: Kufungua Shokapu za Land Cruiser la Safari

Jumatatu

Mradi ni shokapu nne za Land Cruiser HZJ79, lile la injini ya 1HZ ya lita 4.2, ambalo chasisi yake ilikatwa na kurefushwa hapahapa Arusha ili libebe viti vya watalii na paa la kufunguka. Shokapu za kiwandani zilishavuliwa zamani. Zilizopo sasa ni za kununua pembeni, za aina ya kufunguka: mwili wa inchi 2, shafti ya inchi 5/8, na kopo la akiba, la kuwekea gesi na mafuta ya ziada, lililounganishwa kwa hozi. Shokapu za jinsi hii hutengenezwa na kampuni kama FOX, King, ICON na Radflo za Marekani, na bei yake si ya mchezo. Mtu huikubali bei hiyo kwa sababu zinaweza kufunguliwa, zikaoshwa, zikawekwa sili, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, na mafuta mapya, zikarudi kazini. Mwenye nazo asiyezifungua amelipia kitu asichokitumia.

Masika ndiyo nafasi yetu. Kuanzia Machi hadi Mei wageni hupungua, magari hulala uani, na kazi isiyowezekana mwezi wa saba inapata muda wake. Mwezi wa saba gari likirudi jioni linaondoka alfajiri; unakaza bolti, unapiga grisi, basi.

Dereva wa gari hili ni mtu mzima, ameikanyaga njia ya Serengeti tangu mimi niko shule. Nikamsalimu, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Gari hili asubuhi halina neno. Tukishapita lango la Naabi, jua limeshapanda, nyuma inaanza kucheza. Abiria wa kiti cha mwisho ananiuliza kama tairi limepata pancha."

"Upande gani, mzee?"

"Kulia. Lakini nimechungulia chini, mafuta yanavuja kushoto."

Maelezo hayo yana thamani kuliko kipimo chochote nilichonacho gereji. Bushi iliyokufa hugonga saa zote, iwe baridi iwe joto. Springi iliyokatika haingoji jua lipande. Kinachobadilika kwa joto ni mafuta na gesi, na vyote viwili vinaishi ndani ya shokapu. Halafu kuna hilo la pili: anayesikia tatizo analisikia kulia, anayeona mafuta anayaona kushoto. Nimeyaandika yote mawili kwenye daftari kabla ya kushika spana.

Jumanne

Mvua ilipopumzika tukalitoa gari kwenye njia ya vumbi iliyokwishaanza kukauka, mwendo uleule unaoruhusiwa hifadhini, kilomita 50 kwa saa. Tuliposimama, dogo, kijana ninayemfundisha kazi, akapita na kipimajoto cha kuelekeza, kisichohitaji kugusa. Za mbele zilikaribiana. Nyuma kushoto, ile inayovuja, ilisoma nyuzi 84. Nyuma kulia, kavu, haina hata alama ya unyevu, ilisoma 51.

Mtu akipewa achague anayeumwa kati ya hizo mbili atanyooshea kidole ile ya 84. Mimi nilishika ile ya 51. Kazi ya shokapu ni kugeuza mtikisiko kuwa joto: pistoni inasukumwa ndani ya mafuta, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye matundu madogo yaliyofunikwa na sahani nyembamba za chuma, na ule ugumu wa kupita ndio unaotuliza springi. Nguvu iliyokuwa inarusha gari inaishia kwenye mafuta, na mafuta yanapasha mwili wa shokapu. Kwa hiyo shokapu mbili za ekseli moja, zilizopita njia moja, zinapaswa kurudi na joto la kukaribiana. Iliyobaki na ubaridi haijafanya kazi. Mwenzake ameifanya ya wote wawili, na ndiyo maana amechemka.

Tufanye hesabu ya barabara, maana ndiyo inayoeleza ukubwa wa kazi hii. Chukua ile njia yenye mawimbi ya kukatiza, mfano wa bati la kuezekea. Mawimbi yakiachana sentimita 70, gari la kilomita 50 kwa saa linayagonga karibu 20 kila sekunde. Kila wimbi ni kupanda na kushuka kwa shafti. Ndani ya saa moja pistoni imekwenda na kurudi zaidi ya mara 70,000. Hakuna lami inayoipa shokapu adhabu ya namna hiyo.

Na wale wanaosema mawimbi yanaletwa na magari yenye springi mbovu, jambo hili limeshachunguzwa. Mwaka 2007 watafiti Taberlet, Morris na McElwaine walionyesha kwa majaribio ya gurudumu lililopita juu ya mchanga mkavu kwamba mawimbi hujichora hata pasipo springi, ilimradi mwendo umevuka kiwango fulani. Maana yake kwetu ni kwamba barabara ya changarawe itaendelea kuwa hivyo, greda lipite lisipite, na shokapu ndiyo itakayolipa.

Jumatano

Tumezivua zote nne. Kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu halitaki kifaa. Shokapu ya gesi ikiwa nje ya gari, ikandamize mpaka ndani kisha iachie. Inatakiwa irudi yenyewe, taratibu na bila kusita. Sababu ni gesi: kwenye shokapu hizi hujazwa psi 200 hivi (psi ni kipimo cha mgandamizo, pauni kwa inchi ya mraba), yaani karibu bar 14, na mgandamizo huo unasukuma shafti kutoka ndani. Shafti ya inchi 5/8 ina uso wa inchi za mraba 0.307; zidisha kwa 200, unapata nguvu ya karibu kilo 28. Ndiyo nguvu unayopambana nayo unapokandamiza.

Za mbele zilirudi vizuri. Ya kushoto nyuma, pamoja na kuvuja kwake, ilirudi, ila kwa uvivu. Ya kulia nyuma niliikandamiza ikaenda chini kwa urahisi wa kushangaza, ikatulia huko. Nikaishika kichwa chini, nikaivuta, nikaisukuma tena. Katikati ya safari kulikuwa na sehemu ambayo mkono haukuhisi kitu kabisa, kisha ghafla ugumu, pamoja na sauti ya kububujika ndani. Hapo mafuta na gesi vimeshachanganyika.

Hili ndilo ninalotaka mwenye gari yeyote alielewe kabla hatujafika kwenye sili na nati: gesi inaweza kutangulia kuondoka kabla tone la mafuta halijavuja nje. Unaposubiri kuona mafuta nje ndipo uanze kujali, unaweza kukaa na shokapu iliyokufa msimu mzima, kavu na safi, huku mwenzake anaungua.

Alhamisi

Kuosha kwanza, na kuosha kwa kweli. Brashi, sabuni, maji, halafu kukausha kwa upepo wa kompresa, mpaka kwenye mtaro mdogo unaozunguka kichwa cha sili, yaani kifuniko cha silinda ambamo shafti inapita. Uwanda ule wa majani mafupi, kuanzia Ngorongoro kwenda Naabi na Ndutu, umefunikwa na majivu ya volkano za nyanda za juu, yakiwemo ya mlima Ol Doinyo Lengai, uliolipuka kwa kishindo mara ya mwisho mwaka 2007 na 2008. Ni vumbi laini kupita unga wa ngano uliochekechwa, na likipata umande likakauka linaganda. Kwenye shafti zote za nyuma kulikuwa na pete ya vumbi lililoshikamana, pale hasa shafti inapoingilia. Kila shafti inapozama, pete hiyo inasugua mdomo wa wipa, mpira unaoifuta shafti inapoingia. Ukifungua bila kuiondoa, unaiingiza ndani kwa mkono wako mwenyewe.

Baada ya hapo, gesi. Hapa sina utani na kijana yeyote anayeingia gereji. Hakuna nati wala pete inayoguswa kabla gesi haijatoka yote. Kifuniko cha valvu kinafunguliwa, kitambaa kinawekwa juu, uso unakaa pembeni, pini inabonyezwa kidogo kidogo mpaka kimya, kisha pini yenyewe inatolewa kabisa. Shokapu zisizofunguka, zile zilizobanwa kiwandani, hazina valvu hiyo. Hizo haziguswi kwa moto, kwa drili wala kwa kukatwa na grainda. Gesi na mafuta yaliyomo yanaweza kukuua.

Nyuma kulia nilipobonyeza pini hakukuwa na mluzi. Ilitoka pumzi fupi, na pamoja nayo ukungu wa mafuta ulioloanisha kitambaa. Upande wa valvu ni upande wa gesi peke yake. Mafuta hayana ruhusa ya kufika huko. Kati yake kuna pistoni inayoelea, ambayo haijafungwa kwenye shafti wala kitu kingine, imebanwa tu na oringi yake, pete ya mpira, ndani ya kopo la akiba. Kama mafuta yamevuka kuja huku, gesi nayo imevuka kwenda kule.

Wazo la kutenganisha gesi na mafuta kwa pistoni inayoelea lilianzia Ufaransa kwa mhandisi de Carbon, na Bilstein wa Ujerumani wakaliingiza kwenye uzalishaji wa magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Shida waliyokuwa wanaitatua ndiyo iliyokuwa mezani kwangu: mafuta yakipigwapigwa pamoja na hewa hutoa povu, na povu hupita kwenye tundu lolote bila ugumu. Asubuhi povu limetulia, gari linakaa sawa. Baada ya saa kadhaa za mawimbi yote yamekuwa povu. Mzee alilieleza vizuri kabisa bila kufungua chochote.

Kufungua kwenyewe hakuna miujiza. Unagonga kichwa cha sili kishuke kidogo ndani ya silinda, unaitoa pete ya waya inayokizuia, unavuta shafti taratibu, na kichwa, pistoni na sahani zake vinatoka pamoja. Mafuta ya kushoto yalitoka meusi, yananuka kuungua. Ya kulia yalitoka kijivu, yamejaa viputo, na nilipoyamimina kwenye sinia jeupe na kuligeuza juani yaling'aa vichembe vidogo vya alumini. Pistoni hizi huvaa mkanda wa plastiki ngumu unaozuia chuma kisiguse silinda. Mkanda wa kulia ulikuwa umeliwa upande mmoja hadi pistoni ikaanza kuparuza. Nilipitisha kidole ndani ya silinda nikiwa nimekizungushia kitambaa laini; kuna mistari, lakini ukucha haukwami. Silinda imepona.

Jumamosi

Siku ya shimu. Ndizo zile sahani nyembamba za mviringo zilizopangwa juu na chini ya pistoni, kubwa ikikaa karibu na pistoni na ndogo zikifuata. Zinapinda kuruhusu mafuta kupita, na mpangilio wake ndio tabia yote ya shokapu: upande mmoja unatawala kukandamizwa, mwingine unatawala kufyatuka, yaani shafti inaporudi nje.

Shafti inabanwa kwenye jiliwa kwa vibanio vya alumini vilivyotobolewa kwa kipimo chake. Meno ya jiliwa yasiguse kromu, ule utando unaong'aa wa shafti, hata mara moja. Nati ikitoka, kila kinachovuliwa kinatungwa kwenye waya kwa mpangilio uleule, kinapigwa picha, kisha kinaandikwa. Nataka kila kijana aandike kwa mkono wake, maana picha ya simu haionyeshi unene.

Nilizipima moja moja kwa maikromita. Upande wa kufyatuka, shokapu ya kulia, sahani moja ya inchi 0.010, yaani robo ya milimita, ilikuwa na ufa ukingoni, mwembamba kuliko unywele, ulioonekana tu nilipoikunja kidogo chini ya taa. Chuma hicho kimechoka kwa kupindwa.

Kijana akauliza kama tunaweza kuweka ya 0.012, maana ipo kwenye kopo la vipuri. Hapana. Ugumu wa sahani hukua kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ya 0.012 imezidi ya 0.010 kwa asilimia 20 tu ukiishika, lakini ni ngumu karibu mara 1.7. Ungejikuta upande wa kulia unarudi taratibu kuliko wa kushoto, gari linatembea limekaa upande kwenye mawimbi, na hakuna atakayejua kwa nini. Tuliagiza ya kipimo chake.

Shafti za nyuma zote mbili zina alama za mawe. Nyingi ni za juu juu. Tulizipitia kwa msasa maji namba 2000, kwa kuzungusha, si kwa kwenda juu na chini, kwa sababu mikwaruzo ya kufuata urefu wa shafti huyapa mafuta njia. Ya kushoto ilikuwa na kovu moja lililovuka kromu hadi kwenye chuma, na kutu imeshaanza kando yake. Ukucha unakwama. Hilo halisuguliki: likilainishwa leo, kutu itarudi na kukata sili mpya. Nimeagiza shafti nyingine. Sasa tunajua na sababu ya kuvuja kushoto, na haina uhusiano wowote na kufa kwa kulia.

Tukisubiri vipuri

Oringi za kawaida unazipata mjini kwa wanaotengeneza jeki na silinda za haidroliki, na vipimo vyake ni vya kimataifa. Tatizo ni malighafi. Mpira wa kawaida wa naitraili unaanza kuchoka joto likikaa juu ya nyuzi 100. Mpira wa vaitoni unakwenda hadi karibu 200. Ile oringi ya pistoni inayoelea iliyotoka kulia ilikuwa imepoteza uduara wake, bapa pande mbili, ngumu, na nilipoinyoosha ikapasuka. Kwa sehemu za joto nanunua vaitoni, na kwa sili ya shafti yenye mdomo nanunua ya mtengenezaji mwenyewe. Akiba ya fedha pale haina faida.

Kuhusu mafuta, nina neno na mafundi wenzangu. Nimeona shokapu za kufunguka zilizojazwa mafuta ya injini, za giaboksi otomatiki, hata haidroliki ya trekta. Tano iliyoandikwa kwenye mafuta ya injini ya 5W-30 si tano ya mafuta ya shokapu. Ni vipimo tofauti kabisa. Mafuta ya shokapu ya namba 5 yana mnato wa karibu sentistoki 15 kwenye nyuzi 40; sentistoki ni kipimo cha uzito wa mafuta katika kutiririka. Mafuta ya giaboksi otomatiki ni karibu mara mbili ya hapo. Ukiyaweka, shokapu inakuwa ngumu asubuhi, dereva anafurahi, anasema fundi ameweza. Mchana yanapochemka yanabadilika kuliko yale yaliyotengenezwa kwa kazi hii, na mengi hayana dawa ya kutosha ya kuzuia povu kwa kasi hiyo. Tafuta namba ya sentistoki kwenye karatasi ya mtengenezaji, usisome kopo peke yake.

Za mbele, kwa wanaouliza: mafuta mapya, sili mpya, hazikuwa na jambo.

Kufunga

Utaratibu wa kufunga una sehemu moja ambayo haina kurudi nyuma: kichwa cha sili huvishwa kwenye shafti kabla ya pistoni. Na kabla hakijapita kwenye nyuzi za shafti, nyuzi hizo zinafunikwa kwa kofia laini ya plastiki iliyopakwa mafuta. Mdomo wa sili ni laini. Ukipita kwenye nyuzi ukiwa mtupu unachanika mahali usipopaona, na utavuja tangu siku ya kwanza. Sili za zamani tulizitoa kwa kijiti cha shaba. Bisibisi inaacha mkwaruzo kwenye mtaro, na sili mpya haiwezi kuziba mkwaruzo.

Halafu kazi ya subira, kutoa hewa. Mwili unasimamishwa kwenye jiliwa, kopo la akiba linashikwa chini yake, mafuta yanamiminwa taratibu kwa kufuata ukuta wa silinda. Hozi inainamishwa na kuinuliwa mpaka haitoi kiputo. Pistoni inaingizwa, inashushwa na kupandishwa kwa mwendo mdogo sana, huku mwili unagongwa kwa nyundo ya mpira. Viputo vinapanda. Unangoja. Unarudia. Kila unapodhani vimekwisha, kimoja kikubwa kinajitokeza kutoka chini ya shimu. Kijana alitaka kufunga mapema. Nikamwambia aende akanywe chai, akirudi atazame. Aliporudi juu ya mafuta kulikuwa na pete nyingine ya viputo.

Mahali pa kuweka pistoni inayoelea panahesabika. Shafti ya inchi 5/8 ikizama inchi 10 inachukua nafasi ya mafuta ya karibu mililita 50, na mafuta hayo hayana pa kwenda ila kwenye kopo la akiba. Kwenye kopo la kipenyo cha inchi 2 hiyo ni kusogea kwa pistoni karibu sentimita 2.5. Ukiiweka karibu mno na mwisho wa kopo, itagonga chuma kabla shafti haijamaliza safari, na kitu fulani kitapasuka. Ukiiweka mbali mno upande wa mafuta, mafuta yanakuwa pungufu. Mtengenezaji hutoa kipimo chake kwa kila urefu. Kifuate, na hesabu hii iwe ya kukuthibitishia.

Kujaza gesi

Swali ninaloulizwa sana ni wapi naitrojeni inapatikana. Jibu langu: kwa fundi wa friji na viyoyozi. Wao huitumia kupima mabomba kama yanavuja, wana mtungi na regyuleta inayofika psi zaidi ya tunazohitaji. Jirani yangu wa karakana ya friji alikuja na mtungi wake jioni, tukamaliza zote nne kabla ya Magharibi.

Upepo wa kompresa haufai. Kompresa nyingi za tairi zinaishia bar 8 au 10, hivyo hazifiki. Na hata ikifika, upepo una unyevu na oksijeni: unyevu unaleta kutu na kuvuruga mgandamizo unapopata joto, oksijeni inachosha mafuta na mipira. Naitrojeni kavu inatabirika. Ukijaza psi 200 kwenye nyuzi 25, shokapu ikifika nyuzi 100 gesi peke yake inakuwa karibu 250, bila kuhesabu kutanuka kwa mafuta.

Tunaanza na psi 50, tunasikiliza, tunatazama kama pete ya waya imekaa vizuri kwenye mtaro wake mzunguko mzima. Kisha 200. Geji ya tairi usiitumie kuhakiki. Chemba ya gesi ni ndogo kiasi kwamba kile kinachoingia kwenye geji na hozi yake ni sehemu kubwa ya gesi yenyewe: unapima, unasoma namba ndogo, na kwa kupima huko ndiko umeipunguza. Iko geji maalumu yenye ujazo mdogo na pini inayofungwa kabla ya kuchomoa. Kifuniko cha valvu chenye oringi kinarudi mahali pake, si kile cha plastiki cha tairi.

Tuliziacha usiku kucha zimelala juu ya karatasi nyeupe. Asubuhi karatasi kavu.

Kurudisha kwenye gari

Bushi mpya za mpira pande zote. Bolti zake zinakazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake kwenye tairi. Ukizikaza tairi zinaning'inia, mpira unabanwa ukiwa umejipinda, na gari likishuka unaanza kuchanika siku hiyohiyo. Magari mengi yanayokuja kwangu na kilio cha bushi kufa haraka yalikazwa juu ya jeki.

Hozi ya kopo la akiba upande wa kulia ilikuwa inasugua pembe ya chasisi; nguo ya nje imeshaliwa. Tumeigeuza njia, tumeifunga kwa vibanio viwili vyenye mpira, na pembe ile tumeipiga tupa.

Barabarani

Njia ya Engaruka kuelekea Ziwa Natron imekauka vya kutosha kutoa vumbi, na ndiyo tuliyoichagua. Mzee aliendesha mwenyewe, mimi nikakaa kiti cha mwisho cha nyuma, kile kinacholalamikiwa. Gari lina maji ya kutosha kwenye madebe kufikia uzito wa abiria. Kwenye mawimbi mkia umebaki njiani. Kwenye korongo moja lililochongwa na mvua ulishuka, ukapanda mara moja, ukatulia.

Tuliposimama mara ya kwanza nyuma kushoto ilisoma 71, kulia 69. Jua lilipopanda, saa nane mchana, 78 na 77. Mzee alizima injini, akaenda nyuma, akashika shokapu ya kulia kwa kiganja, akakiondoa haraka kwa moto. "Sasa inafanya kazi," akasema.

Yanayofuata kwa gari hili: geji ya gesi itapita kwenye valvu zote kabla ya mwezi wa sita, na tena msimu ukiwa katikati. Ikisoma chini ya 150 kwenye yoyote, inavuliwa. Kipimajoto kimekabidhiwa kwa mzee akae nacho garini, apime nyuma kushoto na kulia anapofika kambini na kuandika kwenye kitabu cha gari. Zikiachana zaidi ya nyuzi 15, anapiga simu kabla hajalala. Shafti zitafutwa kwa kitambaa kilicholowa kila jioni, kazi ya dakika mbili. Mafuta yatamwagwa masika yajayo hata kama hakuna anayelalamika. Seti mbili za sili na shafti moja ya akiba zimeshaagizwa, na kijana ndiye atakayefungua ya kwanza, mimi nikiwa nimesimama pembeni.